Chagua Mtaa Kwanza, Nyumba Baadaye

Anayetafuta nyumba au kiwanja pembezoni mwa Dar es Salaam huuliza mambo matatu: bei, hati na wezi. Dalali huwa na majibu ya yote matatu kabla mteja hajashuka kwenye bajaji. Bei inapungua, hati ipo, na wezi hapa hawajawahi kuonekana. Baada ya hapo mazungumzo huhamia kwenye vyumba, vigae na ukubwa wa uwanja wa kuegesha gari. Hivyo ndivyo familia nyingi zinavyoamua jambo kubwa kuliko yote zitakayowahi kuyalipia, katika jiji ambalo sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728, milioni moja zaidi ya wale 4,364,541 wa mwaka 2012. Jiji limewapokea hao wote kwa kutanuka. Limefika Goba, Madale, Bunju, Chanika, Kivule, Chamazi na Kibada, na sasa linavuka mpaka wa mkoa kuingia Kibaha na Vikindu. Mitaa hiyo inafanana ukiitazama kutoka barabarani, ila maisha ya kulea mtoto ndani yake yanatofautiana sana.

Ushauri wangu kwa mnunuzi mwenye familia ni mmoja: anza kupima yale ambayo fedha zako hazitaweza kuyabadilisha baadaye. Bati lililooza huezuliwa, jiko dogo huongezwa, na nyumba isiyo na dari huwekewa dari mwaka ambao mambo yatakuwa mazuri. Lakini hakuna mwenye nyumba anayeweza peke yake kuhamisha mto, kufuta hifadhi ya barabara, kuisogeza shule au kuwabadilisha majirani. Hofu yetu tumeielekeza kwa mwizi, na kwa sababu hiyo tunapima usalama kwa urefu wa ukuta. Ukirudi nyuma miaka kumi na tano na kutazama ni nini kimezitoa familia za jiji hili kwenye makazi yao, utayakuta maji na greda. Mwizi hubeba televisheni. Hivyo viwili huondoka na nyumba nzima.

Tuanze na maji, kwa kuwa maji hufuata mkondo na hayasomi hati ya mtu. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua takriban watu 40 jijini, na serikali ikawapa waathirika wa bonde la Msimbazi viwanja Mabwepande. Mafuriko yaliendelea kurudi, hadi mwaka 2022 Benki ya Dunia ilipoidhinisha dola milioni 200 kwa mradi wa kuliendeleza upya bonde hilo, mradi uliolazimu kubomoa nyumba na kuwaondoa wakazi. Mnunuzi wa pembezoni husoma habari hizi akadhani zinalihusu bonde hilo tu. Mito Mpiji, Tegeta, Mbezi, Kizinga na Mzinga inapita katika maeneo haya haya tunayoyaita mapya, na ina makorongo mengi yanayoilisha. Korongo ambalo miaka ishirini iliyopita lilikuwa kavu karibu mwaka mzima leo linapokea maji ya mapaa na nyua zilizosakafiwa za kila aliyejenga juu yake, kwa sababu ardhi iliyofunikwa hainywi maji. Kwa hiyo jibu la kwamba hapa maji hayajawahi kufika linahusu mtaa wa zamani, kabla ya mwinuko ulio juu ya korongo kujengwa.

Dalili za maji hazifichiki kwa anayejua kuzitafuta. Tazama kama nyumba za jirani zimeinuliwa misingi isivyo kawaida, kama milango ina vizingiti virefu vya saruji, kama kuna viroba vya mchanga kando ya ukuta, na kama plasta ya chini imerudiwa ilhali ya juu ni ya zamani. Matete katikati ya viwanja ni ushahidi tosha. Waulize bodaboda wa kijiweni ni njia ipi hawaipiti mwezi wa nne, maana wao hawana kamisheni katika mauzo yako. Uliza pia habari za vyoo. Mahali ambapo maji ya ardhini yako juu, mashimo hujaa upesi, na mvua ikinyesha wapo watakaotapisha vyoo mtaroni, na mkondo huo utapita mbele ya watoto wako. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulitukumbusha mwisho wa tabia hiyo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ufukwe. Beba futi kamba. Kama kiwanja kiko ndani ya mita hizo, hakuna punguzo la bei linaloweza kukifaa.

La pili ni karatasi, na hapa wahenga walishasema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote nchini ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Mnunuzi hupata haki ya kuitumia kwa muda, kwa kawaida miaka 33, 66 au 99. Maana yake ni kwamba swali la kama hati ipo halitoshi. Unatakiwa kujua hati hiyo ni ya nani, imebakiza miaka mingapi, ina deni la benki au zuio la mahakama, na imetolewa kwa matumizi gani. Majibu hayo hayamo kwenye bahasha ya dalali. Yanapatikana kwa upekuzi katika ofisi ya Msajili wa Hati na kwa kuuona mchoro wa mipango miji katika halmashauri husika. Mchoro ndio utakaokuonyesha kama uwanja mzuri ulio wazi mbele ya nyumba umetengwa kwa shule, soko, makaburi au barabara ya mita ishirini. Kama muuzaji ameoa au ameolewa, ridhaa ya mwenzake ni lazima, kwani Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya familia iuzwe na mmoja kwa siri. Kama ni mali ya mirathi, anayeuza awe msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, hata kama ndugu wote wamekaa sebuleni wanatikisa vichwa kukubali.

Sehemu kubwa ya jiji haijapimwa, na si kila anayenunua huko anakosea. Kosa ni kudhani kwamba muhuri wa serikali ya mtaa, mita ya Luku na bomba la DAWASA ni uthibitisho wa umiliki. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilibomolewa kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara hadi Kiluvya, kwa hoja kwamba zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara inayofika mita 121 kila upande. Ziliangushwa nyumba za kuishi, maduka na hata nyumba za ibada. Zilikuwamo za watu waliokaa hapo miaka mingi na kulipia huduma zote bila kusumbuliwa. Kwa barabara kuu na za mikoa kwa jumla, Sheria ya Barabara ya 2007 imeweka hifadhi ya mita 30 kutoka katikati kwenda kila upande. Aliyenunua kwa kuangalia wenzake waliotangulia alikuwa amepima wingi wa watu, wakati sheria inapima mita. Katika eneo lisilopimwa, mtafute mpima ardhi aliyesajiliwa akuchukulie vipimo na kuvilinganisha na ramani za halmashauri kabla ya kulipa. Gharama yake ni ndogo mno ukiiweka kando ya bei ya nyumba.

Ramani hiyo hiyo itumie kuwajua majirani wasio watu. Aprili 2009 maghala ya silaha ya kambi ya jeshi Mbagala yalilipuka, na Februari 2011 ikawa zamu ya Gongo la Mboto. Kila mkasa uliua watu wasiopungua 20 na kuharibu nyumba za watu wasiohusika na silaha hata kidogo. Anayenunua karibu na dampo la Pugu Kinyamwezi hununua pamoja na moshi na msururu wa malori. Ghala la mafuta, nguzo za umeme mkubwa, machimbo ya mchanga na kiwanda ni vitu vya kuulizia ndani ya kilometa kadhaa, maana upepo hauheshimu fensi. OpenStreetMap itakusaidia hapa bila malipo. Kuanzia mwaka 2015, kupitia mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wakazi wenyewe walitembea mitaani wakichora mito, mitaro na majengo ya Dar es Salaam kwa undani ambao miji mingi ya Afrika haina.

Tukishamaliza ardhi, tuje kwenye njia ya mtoto. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani. Pembezoni mwa jiji hatari hiyo ina sura yake: barabara mpya ya lami isiyo na njia ya miguu, bodaboda wanaokimbiza abiria, na watoto wa darasa la kwanza wanaovuka wenyewe. Jijini humu humu shirika la Amend lilionyesha kwamba tatizo lina dawa. Katika shule za msingi zilizokuwa na ajali nyingi, liliweka matuta, vivuko, njia za miguu na vizuizi vya magari, na mahali pengine likahamisha geti la shule kutoka barabara kubwa. Utafiti uliofuata ulikuta majeraha ya watoto yamepungua kwa takriban robo, na mwaka 2019 mradi huo ukapata tuzo ya kimataifa ya taasisi ya WRI kwa miji. Somo kwa mnunuzi ni jepesi: matuta mawili na kivuko kimoja mbele ya shule vinamlinda mtoto wako kuliko geti la chuma la nyumba yako. Kabla ya kununua, tembea kwa miguu kutoka nyumba hiyo hadi shule utakayomwandikisha, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa ambayo mtoto ataitembea. Hesabu mara unazovuka barabara na mara unazolazimika kutembea ndani ya njia ya magari. Kisha ingia shuleni uulize darasa moja lina watoto wangapi, kwa sababu tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016 uandikishaji umepanda, na madarasa hayakuongezeka kwa kasi ile ile.

Njia hiyo ina jambo jingine linalosemwa kwa sauti ya chini. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulikuta kwamba takriban wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Sehemu kubwa ya matukio ilitokea katika nyumba ya mtu, shuleni au njiani kwenda na kurudi shule, na mara nyingi mtendaji alikuwa mtu anayejulikana. Takwimu hizo zinauvunja mkazo wetu wote wa kuta ndefu. Kinachompunguzia mtoto hatari hii ni njia fupi yenye nyumba na maduka pande zote, mahali ambapo mama muuza vitumbua anamjua kwa jina na ataona akichelewa. Njia inayopita kwenye vichaka na mapagala ni hatari hata kama mtaa wenyewe haujawahi kuripoti tukio.

Umbali wa kazini nao ni jambo la usalama, ingawa wengi huuhesabu kama usumbufu tu. Mzazi anayeondoka saa kumi na nusu alfajiri na kurudi saa tatu usiku amemwachia mtu mwingine malezi siku tano au sita za wiki. Mabasi ya mwendokasi yaliyoanza mwaka 2016 kwenye Barabara ya Morogoro yamebadili hesabu za baadhi ya maeneo, lakini kwa nyumba iliyo kilometa tano ndani ya barabara ya vumbi, safari huanza kwa bodaboda. Nauli nayo ni sehemu ya bei. Chukua mfano wa wazazi wawili wanaotumia shilingi 6,000 zaidi kwa siku kuliko ambavyo wangetumia wakiishi karibu. Kwa siku 26 za mwezi ni shilingi 156,000, kwa mwaka ni 1,872,000, na kwa miaka kumi ni zaidi ya milioni 18. Kiwanja kilichoonekana rahisi kwa milioni kumi na tano kimeshalipiwa mara mbili, na saa ulizokaa foleni hazikuhesabiwa.

Sasa ndipo tufike kwa mwizi, maana yupo. Mwaka 2022 vijana waliojulikana kama panya road walivamia nyumba za watu usiku katika baadhi ya maeneo ya jiji, na familia zilizotishwa zina haki ya kuuliza. Jambo la kuulizia ni mtaa unavyojibu mtu akipiga kelele. Mtaa ulio hai una ulinzi shirikishi wenye daftari la michango, mwenyekiti anayejua nani amepanga wapi, taa za nje zinazowashwa, na duka linalofunga saa nne. Mtaa uliokufa una nyumba sita nzuri zilizotawanyika kati ya viwanja thelathini vya watu wanaosubiri bei ipande. Ukuta mrefu katika mtaa wa namna hiyo humficha mwizi akishaingia, na jirani aliye mita mia mbili hasikii kitu. Pita siku ya Jumamosi usiku pia. Vigodoro na baa isiyofungwa havitaandikwa kwenye mkataba wa mauziano, ila ndivyo vitakavyoamua mtoto atalala saa ngapi.

Wapo watakaosema huu ni ushauri wa wenye pesa, na kwamba mwenye mfuko mdogo hachagui. Hoja hiyo ina ukweli, maana mikopo ya nyumba inawafikia wachache na wengi wetu tunajenga kidogo kidogo kwa akiba na mchezo wa kazini. Lakini mwenye mfuko mdogo ndiye asiyeweza kumudu kosa, kwa sababu hana fedha za kununua mara ya pili. Anachoweza kupunguza ni ukubwa. Kiwanja cha mita za mraba 300 mahali pakavu, penye karatasi safi na shule ya kutembea, ni bora kwa familia kuliko cha 800 bondeni. Anaweza pia kuchukua eneo lisilopangwa lakini lililokaa, lenye majirani wa muda mrefu na mwinuko mzuri, na akashiriki urasimishaji unapofika. Eneo lisilopangwa na eneo la hatari ni vitu viwili, na mara nyingine mtaa wa vichochoro una usalama kuliko ule wenye barabara pana na nyasi tupu.

Wengine watasema maendeleo yatakuja, nunua mapema. Ni kweli Daraja la Nyerere lililofunguliwa mwaka 2016 liliwatoa watu wa Kibada, Kigamboni, kwenye utegemezi wa pantoni na mzunguko wa Kongowe. Lakini Kigamboni hiyo hiyo, kuanzia mwaka 2008, wakazi wa maeneo mengi walizuiwa kuendeleza ardhi yao wakisubiri Mji Mpya ambao haukujengwa. Hata mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002, uliopima Kibada, Bunju, Tuangoma na kwingineko, ulitoa ramani nzuri kwanza, huku maji na barabara vikichelewa. Mwekezaji anaweza kusubiri miaka kumi kwa sababu pesa yake haisomi darasa la tatu. Mtoto wa miaka sita hana miaka kumi ya kusubiri, ataimaliza shule ya msingi kabla lami haijafika. Kwa nyumba ya kuishi, lipia huduma iliyopo leo, na ile iliyoahidiwa ihesabu kuwa bakshishi.

Anayeweza afanye jambo moja zaidi: apange kwanza katika mtaa anaoutaka. Wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Ukianza Januari, miezi hiyo itakuonyesha kufunguliwa kwa shule, masika yote, na majirani walivyo kwenye msiba na kwenye sherehe. Asiyeweza kupanga azuru asubuhi, usiku na siku ya mvua, akiwa na mwenzake na bila dalali. Aandike majibu ya maji, karatasi, njia na watu kwa utaratibu huo, na mtaa ukishindwa katika mawili ya kwanza asiendelee na mengine. Muuzaji anayekataa kukupa muda wa upekuzi kwa madai kwamba kuna mteja mwingine anakuja na fedha jioni, mwache huyo mteja anunue. Wewe usitoe hata shilingi ya kishika uchumba mpaka upekuzi umerudi na masika yamepita.